Kidole cha Bwana Harusi

Siku ya kuniaga mlinunua keki kubwa, na juu yake ikaandikwa "Kwaheri Daktari Muthoni." Mimi ni Mueni. Nilikula kipande chenye jina la huyo Muthoni, nikashukuru, na mmoja wenu akaniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kutibu ngozi, yawafae mnaobaki. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vilikuja vilivyokuja. Nitaandika habari za ngozi.

Nilianzia Kajiado, katika kliniki yenye chumba kimoja na dirisha kubwa. Mkubwa wangu aliitwa Koinet, mtu mrefu wa sauti ya chini, aliyevaa koti jeupe juu ya sweta hata jua likiwaka. Asubuhi ya kwanza nilifika na stethoskopu mpya shingoni. Akaitazama.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kusikiliza mgonjwa."

"Ngozi haiongei hapo. Weka kwa droo. Kuja dirishani."

Vifaa vyake vilikuwa vichache: lenzi ya mkono iliyofungwa kamba ya kiatu, wembe butu wa kukwangua magamba, chupa ya spiriti, na lile dirisha. Taa ya umeme hakuiamini. Kila mgonjwa alimgeuza kwenye mwanga wa jua kama mama anayechagua kitambaa sokoni. Kisha aligusa. Pasipo na jeraha aligusa kwa mkono mtupu, kwa sababu, alisema, wengi wanaokuja kwetu hawajaguswa na mtu kwa muda mrefu, na hilo peke yake ni ugonjwa. Mwisho aliuliza swali lake: "Unalala karibu na nani?" Wazee walilichukia swali hilo. Mmoja alinyakua fimbo yake akatoka nje, akaenda kumlalamikia mlinzi kwamba daktari anachunguza ndoa za watu. Lakini upele haumpandi mtu mmoja. Ukimtibu peke yake, atarudi, na safari hii atakuja na shemeji.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwalimu, mama nadhifu kupita kiasi, mwenye madoa ya kahawia yaliyomzunguka shingo. Alikuwa amejaribu krimu, mitishamba na maombi. Ndugu wa mume walikuwa wameanza kunong'ona kwamba amerogwa. Koinet alimtazama dirishani, akanipa pamba yenye spiriti. "Pangusa." Nikapangusa. Doa likahamia kwenye pamba. Kuna hali ya namna hiyo, na vitabuni imo: ngozi iliyokufa hushikana na mafuta, ikakataa sabuni na maji, hata kwa mtu anayeoga kila siku. Nilifurahi kama nimefufua mtu. Yule mama aliangalia pamba, akaniangalia mimi.

"Kwa hivyo mnasema mimi ni mchafu?"

"Hapana, mwalimu," Koinet akasema. "Wewe unaoga. Ni ngozi yako haitaki kuachilia vitu."

Aliondoka na shingo safi, na tangu siku hiyo tulipokutana sokoni alikuwa akivuka upande wa pili. Hivyo nikajifunza mapema kwamba mtu anaweza kupona papo hapo na asikusamehe kamwe.

Kulikuwa na mengine. Magadi, ambako joto na magadi hukausha mikono na miguu ya watu hadi ipasuke, tulimpata bwana aliyeziba nyufa za visigino vyake kwa gundi ya viraka vya tairi. Koinet aliinama, akazikagua kwa lenzi, akasema, "Kazi safi," kisha akamwandikia mafuta mazito ya kupaka. Huko Kimuka niliwaambia watu wa boma moja lililokuwa na upele kwamba kila aliyemo apakwe dawa tangu shingoni hadi unyayoni. Waliniheshimu sana. Walipakwa wote, pamoja na fundi wa sola aliyekuja kubadilisha betri, na mpaka leo hajui kwa nini.

Baadaye nikahamia Kitengela, na Koinet akastaafu, akarudi kwao Bisil kutazama ng'ombe wake. Kitengela ni mji wa watu waliokwisha kujitibu. Mapunye huja yamepakwa dawa ya meno. Uso huja umechunwa na krimu ya kung'arisha ambayo dada wa salooni aliapa haina madhara. Kwa hiyo nilipomwona Meitamei akiingia amevaa soksi mkononi, sikushtuka. Nilishtuka kwa sababu mama aliyemleta alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akamwacha yeye amesimama.

Meitamei alikuwa kijana wa Bisil aliyeuza mabati na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa amemchumbia Wangui, msichana wa hapa hapa Kitengela, na kadi za harusi zilikuwa zimeshagawanywa. Yule mama aliitwa Njoki. Alikuwa dada ya baba yake Wangui, na ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Zaidi ya hayo, Njoki alikuwa na ploti ya ghorofa, na Meitamei alipanga chumba kwake. Kwa hiyo alikuwa mama mkwe na mwenye nyumba kwa wakati mmoja, na kofia zote mbili zilimkaa vizuri.

"Daktari, huyu kijana iko na kitu kwa kidole ya pete," Njoki akasema. "Ya pete! Vidole zote kumi, ikachagua hiyo. Mimi nataka kujua ni ugonjwa ya aina gani kabla nipeane mtoto yangu."

Nilimwomba asubiri nje. Alitoka, akaacha mlango wazi. Nikaufunga.

Meitamei alivua soksi. Kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto palikuwa na uvimbe mkubwa kuliko punje ya haragwe: wekundu katikati, duara jeupe, kisha wekundu tena nje, kama alama ya kulengea shabaha. Pale katikati palikuwa pameanza kuwa peusi, na ule weusi ndio ulioniondolea utulivu. Kidonda cheusi kwa mtu wa mifugo hunifanya niwaze kimeta. Na kimeta si habari ya kidole. Ningelazimika kuwaita watu wa mifugo, mnada wa Bisil ungefungwa wakati familia nyingi zinategemea kuuza, na ile nyama ya harusi hakuna mtu angeigusa. Achilia mbali kwamba kimeta huua.

"Umechinja mnyama karibuni? Umegusa aliyekufa?"

"Hapana, Daktari."

"Unalala karibu na nani?"

"Pekee yangu."

"Hakuna mnyama pale unapoishi?"

"Daktari, mimi niko ghorofa ya tatu."

Lilionekana jibu zuri. Baadaye niligundua kwamba halikuwa jibu la swali langu.

Zahanati moja mjini ilikuwa imemwahidi kukipasua. Nilimkataza. Uvimbe usioujua usiukate. Nilichukua ute kwa pamba, nikapeleka maabara, nikampa dawa ya kumlinda iwapo ni lile baya, nikafunga kidole vizuri, nikamwambia arudi haraka akipata homa. Njoki nilimwambia tu kwamba namchunguza, na yaliyobaki ni ya Meitamei kusema.

"Mimi ndio mama hapa."

"Najua, Mama. Lakini kidole ni chake."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mpangaji aliyeomba kupakiwa rangi upya. "Kuna mambo mengine mimi najua juu ya huyu," akasema polepole, "lakini siwezi sema kwa hospitali." Akaondoka.

Nilimpigia Koinet simu. Nyuma yake nilisikia ng'ombe.

"Kinauma?" akauliza.

"Anasema kinauma akigonga kitu."

"Kimeta hakiumi hivyo. Mkono umevimba?"

"Haujavimba."

"Basi mwulize tena analala karibu na nani. Na Mueni, usimwulize kama polisi."

Majibu ya maabara yaliporudi hayakuonyesha kimeta. Nilipumua. Meitamei aliporudi, hata hivyo, alikuwa amekonda. Njoki alikuwa ameita kikao cha ukoo na kutangaza kwamba ugonjwa ule ni wa kutembea na wanawake, na kwamba kama hautajulikana jina lake, harusi haipo. Wangui alikuwa ameambiwa achague, kijana au ukoo.

Safari hii sikukaa nyuma ya meza. Nilivuta kiti hadi dirishani, nikamshika mkono ule, nikautazama kimya, kisha nikauliza lile swali kwa sauti ndogo.

Aliutazama mlango kwanza. "Daktari, mtu akikuambia kitu hapa, inaenda wapi?"

"Haiendi mahali."

"Niko na kondoo."

"Wapi?"

"Kwa nyumba. Kwa bafu. Wakati mwingine kwa kitanda, kukiwa na baridi."

Hadithi yake ilikuwa hivi. Kwao, bwana harusi humpa mama wa msichana kondoo. Kwa kuwa mama ya Wangui hayupo, kondoo huyo alikuwa wa Njoki. Mama yake Meitamei alikuwa amemtenga jike mmoja mzuri kwa kazi hiyo, naye akafa akizaa, akaacha kitoto. Mama akasema ahadi ilikuwa ya huyo jike, kwa hiyo mtoto wake ndiye atakayekwenda. Lakini mifugo ilikuwa ikihamishwa kutafuta majani, na kitoto kisichonyonya kisingefika. Meitamei akakichukua, akakipandisha ghorofa ya tatu ndani ya gunia la saruji, akawa anakinyonyesha kwa chupa. Katika ploti ya Njoki sheria imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: hakuna mnyama. Alikuwa anamficha Njoki kondoo wa Njoki.

"Kwa nini usimwambie?"

"Ni zawadi, Daktari. Na pia atanifukuza."

"Kwa hiyo umekubali watu waseme uko na ugonjwa wa wanawake?"

"Wangui anajua ukweli," akasema. "Yeye ndiye ananunua maziwa."

Nikamuuliza kuhusu midomo ya kondoo. Akashangaa nilijuaje. Ilikuwa na vidonda vyenye vigaga, na alikuwa akiipangusa kwa kidole kabla ya kumpa chupa. Kwa kidole kipi, sikuhitaji kuuliza.

Vitabu vyetu huuita ugonjwa huo orf, neno linalosikika kama mtu anayesafisha koo. Huwapata kondoo na mbuzi midomoni, na humwingia mtu anayewashika akiwa na mkwaruzo. Wanaouza misumari huwa na mikwaruzo. Hauambukizwi kitandani, hauna uhusiano na wanawake, na hupona wenyewe kwa wiki kadhaa. Lakini nilitaka daktari wa mifugo amwone yule kondoo kwa macho, kwa sababu picha aliyonionyesha kwenye simu ilikuwa ya tundu moja la pua. Ofisi ya mifugo iko ng'ambo ya barabara. Nilimwambia ampeleke huko asubuhi ya siku ifuatayo. Nasema hivi nikijua hasa nilivyosema. Yeye alielewa amlete kwangu.

Asubuhi hiyo nilikuwa na foleni ndefu. Mgonjwa wa mkanda wa jeshi alikuwa bado anavaa shati niliposikia kelele kutoka upande wa kliniki ya watoto. Wangui, ili kupita getini kwa shangazi yake, alikuwa amembeba kondoo mgongoni kwa leso, kofia ya sufi kichwani, sweta ya kitoto juu. Mlinzi wetu, aliyezoea kazi yake, alipoona mama na mtoto akawaelekeza kwenye foleni ya kupima uzito. Wangui aliogopa kukataa. Karani akamwandikia kadi. Alipoulizwa jina la mtoto, akili ikamhama, akasema "Baby." Yote haya yalikwenda vizuri hadi muuguzi alipofungua leso ili amtundike mtoto kwenye mizani.

Yule muuguzi alikuwa ameona mengi maishani. Hakupiga kelele. Kelele zilikuwa za akina mama wengine. Yeye alimshika kondoo mbele yake, mikono imenyooka, akatembea naye korido nzima, akafungua mlango wangu.

"Daktari, huyu ni wako. Ni mambo ya ngozi."

Nikamweka kitandani, nikavaa glavu, nikamtuma Meitamei, aliyekuwa ameingia mbio pamoja na Wangui, ng'ambo akamwite daktari wa mifugo. Hakuwa amefika barabarani mlango ulipofunguka tena kwa kishindo. Alikuwa Njoki, amevaa viatu viwili visivyofanana, na nyuma yake mtu wa bodaboda akiwa bado na helmeti.

"Huyo mtoto iko wapi? Leteni huyo mtoto nimuone! Wangui, kumbe hata wewe? Kumbe unamlelea?"

"Anti, ngoja..."

"Sitangoja! Wapangaji wananiambia kila siku, Mama Njoki, huko juu mtoto analia. Nikapanda ngazi mimi mwenyewe, nikaweka sikio kwa mlango. Analia! Na leo wamekuona umembeba unakuja hospitali! Mwanaume anaoa mtoto yangu na ako na mtoto mwingine amefungia kwa nyumba, na ugonjwa juu yake! Nimekosa usingizi. Nimeenda kwa kaburi ya mama yako, Wangui, nimemwambia nimeshindwa na kazi uliniachia."

Wangui alikuwa ameanza kulia. Hapo ndipo kitandani, chini ya ile sweta, kondoo aliposema lake.

Njoki aligeuka. Alisogea. Alivua kofia ya sufi kwa vidole viwili.

"Ni kondoo?"

"Ni kondoo, Anti," Wangui akasema.

"Mtoto ako wapi?"

"Hakuna mtoto."

"Huyu ndio analiaga?"

"Huyu."

"Kondoo tu?"

"Kondoo tu, Anti."

Njoki alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kitandani kando ya kondoo, akaanza kulia kwa sauti. Katikati ya kilio akaanza kucheka, na kwa muda vyote viwili vilienda pamoja. Mtu wa bodaboda aliuliza kama anaweza kuondoka. Hakuna aliyemjibu, akabaki.

Meitamei alirudi na daktari wa mifugo, mama mmoja mchangamfu aliyetusalimu wote "Sopa!" kama vile kukutana na kondoo kwenye kliniki ya ngozi ni jambo la kila wiki. Njoki alishajifuta machozi na kupata tena sauti ya mwenye nyumba.

"Wewe. Wanyama hawaruhusiwi kwa ploti yangu. Umesoma ukuta?"

"Nimesoma, Anti."

"Sasa?"

Meitamei aliniangalia. Nikamwambia siri ni yake. Akamgeukia Njoki.

"Ni wako, Anti. Ni kondoo yako. Nilikuwa namtunza tu."

Akaeleza yote, kuanzia jike aliyekufa hadi gunia la saruji. Njoki alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo Wangui aliniambia baadaye halijawahi kutokea. Daktari wa mifugo alimkagua kondoo midomo kwa lenzi ya Koinet, ambayo sasa ilikuwa yangu, akathibitisha. Meitamei akaniruhusu nami niseme la kidole.

"Kwa hivyo dawa ni gani?" Njoki akauliza.

"Ni kungoja. Kidole kifunikwe, kiwe safi, asikipasue mtu. Kondoo alishwe kwa glavu, akae mbali na wenzake. Wote wawili watapona."

"Tumekuja hospitali kungoja?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nikimshika?"

"Kwa glavu."

Akanyoosha mkono, nikampa glavu. Hakuzivaa kwa ustadi, lakini alimchukua kondoo mapajani, akamvika ile kofia tena kwa sababu, alisema, masikio yalikuwa baridi.

Vijana, kama mtasahau yote, shikeni hili moja. Mgonjwa hakunidanganya kwa ubaya. Alikuwa analinda kitu. Ukiuliza mara moja utapata jibu la mlangoni. Vuta kiti, shika mkono, uliza tena.

Harusi ilifanyika. Pasta alishika mkono wa kushoto wa Meitamei uliofungwa bandeji, Wangui akamsukumia wa kulia, pasta akarudi kwenye wa kushoto, wakavutana kidogo mbele ya kanisa lote hadi Njoki akasema kutoka kiti cha mbele, "Pasta, weka popote!" Kondoo wakati huo alikuwa anakaa kwenye paa la ploti, ndani ya stoo iliyo kando ya tangi la maji. Sheria ilibaki ukutani. Njoki alishikilia kwamba paa si ploti.

Midomo na kidole vilipopona, nilialikwa kwenye kukabidhiana. Mama yake Meitamei alifika kutoka Bisil, mama mkimya mwenye shanga nzuri, na kila mmoja akapanda ngazi hadi paani kwa sababu kondoo alikataa kushuka. Yule mama alimshika Njoki mkono.

"Kuanzia leo, wewe na mtoto wangu hamtaitana kwa majina. Watu waliopeana kondoo wanaitana Paker."

"Paka?" Njoki akasema.

"Paker."

Alijaribu mara kadhaa, kwa chini chini, mdomo wake ukilizunguka neno kama peremende ngumu. Nilidhani ataliacha hapo hapo paani, pamoja na soda na sahani.

Wiki chache baadaye nilipita mtaa huo nikitoka sokoni. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa Isinya na upepo ulikuwa unapiga kamba za nguo. Njoki alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni, uso ameuelekeza ghorofa ya tatu, na ile sauti yake ya kuwatisha wapangaji ikapanda hadi juu:

"Paker! Paker, anua nguo, mvua inakuja!"

Na dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka. "Nakuja, Paker!"